Usimuulize Kama Amesamehe

Nyinyi mnaosoma kriminolojia mna tabia moja inayonichekesha. Mkija kunitembelea hapa nyumbani, kabla hata chai haijachemka, mmoja wenu lazima aulize: "Mathe, ushawahi kukaa na muuaji, hivi uso kwa uso?" Nawajibu kwamba nimekaa nao wengi, na kwamba kitu ambacho wengi wao walitaka kujua kutoka kwangu ni kama ng'ombe aliyeachwa nyumbani bado anakamwa. Hapo nyuso zenu huanguka. Mlitarajia macho mekundu.

Haya, vuteni viti. Nilikuwa afisa wa probesheni huku Meru mpaka nikastaafu, na kabla hamjaanza kuota bastola na glavu, niwaambie kazi yenyewe ni ipi. Mtu akishapatikana na hatia, hakimu anaweza kusimamisha hukumu kidogo atutume sisi nyumbani kwake. Huyu ni mtu wa namna gani? Majirani wanasemaje? Aliyeumizwa anasemaje? Akipewa kifungo cha nje badala ya kupelekwa jela, kutakuwa na amani au tutaitwa tena kuokota maiti? Tunazunguka, tunauliza, tunaandika ripoti yenye pendekezo mwishoni. Hakimu akiisoma, mara nyingi anaifuata. Ukikosea, kuna mtu anakula ugali wa jela bila sababu, au kuna mtu anaumizwa mara ya pili. Lakini ukituangalia kwa nje, unaona mama mmoja wa makamo anatembea kwenye matope na mwavuli.

Bosi wangu wa kwanza, Bwana Njeru, alikuwa mtu wa Embu aliyevaa tai hata akienda kukagua wafungwa wa nje wakichimba choo cha shule. Yeye ndiye aliyenifunza kutembea. Viatu vya ofisi viache ofisini, alisema, vaa gambuti, kwa sababu mtu hawezi kukuambia ukweli huku anakuonea huruma jinsi unavyoteleza. Ukipewa chai, kunywa, hata kama ina moshi. Usiandike mtu akiwa anaongea, akiona kalamu inatembea anaanza kuhutubia. Usiende na gari la chifu, maana mbele ya chifu kila mtu ni malaika. Na mama mzazi muulize wa mwisho. Hilo la mama lilinichukua muda kulielewa. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kukutana na mama aliyezaa mtoto mkorofi. Wote walizaa watoto wapole walioharibiwa na marafiki wabaya. Sasa hao marafiki wabaya walizaliwa na nani, mimi mpaka leo sijui.

Bwana Njeru ndiye pia aliyenipa lile swali. Ukifika kwa aliyeumizwa, alisema, muulize moja kwa moja: umemsamehe? Akisema ndiyo, ripoti imeshajiandika yenyewe, rudi mjini. Nililibeba swali hilo kila nilikoenda, na watu wote waliniambia ndiyo.

Digrii niliisoma nikiwa mtu mzima. Wakubwa walitangaza kwamba asiye na digrii asahau kupanda cheo, basi nikajiandikisha masomo ya wikendi, kriminolojia na haki ya jinai. Siku ya usajili karani aliniangalia mara moja tu akasema, "Mzazi, wewe ngoja pale nje, tunaanza na wanafunzi." Nikaenda nje. Nilikaa na wazazi wenzangu kwenye benchi tukapiga gumzo kuhusu bei ya karo mpaka baba mmoja akaniuliza nimeleta mtoto gani. Nikamwambia nimejileta. Yule baba alicheka akashika mbavu, kisha akaniuliza kwa upole kama nyumbani wanajua.

Darasani nilikuwa na vijana wa umri wa mwanangu wa mwisho. Wakanibandika jina Mathe, yaani mama, na limenikaa hadi leo. Msidhani nilikuwa mwerevu kuliko wao. Nadharia zilinipiga chenga. Kulikuwa na mzungu aliyechora mji kama kitunguu, duara ndani ya duara, akasema uhalifu uko kwenye duara fulani, nami nikakaa nikijaribu kuiingiza Kanyakine yetu ya mashambani kwenye hayo maduara ikakataa kabisa. Lakini vijana nao walikuwa na vituko vyao. Kuna mmoja alipewa kazi ya kuandika kuhusu wizi wa mfukoni mjini Embu. Akaitoa mahali kwenye mtandao, akabadilisha jina la mji tu. Mwalimu wetu akaisoma mbele ya darasa kwa utulivu mkubwa, halafu akauliza, "Sasa hii treni ya chini ya ardhi iko upande gani wa Embu? Maana mimi nimezaliwa huko na nimekuwa nikipanda gari." Kijana alirudia hilo somo mwaka uliofuata, na siku hizi ni afisa mzuri tu.

Huyo mwalimu tulimwita Daktari. Alikuwa mdogo kwangu sana, sauti ya chini, hana haraka. Ndiye aliyetufundisha somo la waathiriwa wa uhalifu. Siku moja alisema, "Mbele yako kuna mtu ameumizwa. Usimuulize kama amesamehe. Hilo ni swali la kanisani. Muulize yeye anataka nini."

Nikainua mkono. "Daktari, huku kwetu kanisani na nyumbani ni pamoja. Hakuna tofauti."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. "Ndiyo sababu usimuulize, Mathe," akasema, akaendelea na somo.

Nilijiambia kijana huyu hajakanyaga tope la Kibirichia. Nikaliandika jambo hilo vizuri kwa ajili ya mtihani, na nje ya mtihani sikuwa na mpango nalo.

Aliyelibeba hilo neno akatoka nalo darasani ni Salma. Salma alikuwa msichana wa mtaa wa Majengo, baba yake ana bucha, na hakuna kitu kilichomtisha. Wengine wakionyeshwa picha za majeraha walifumba macho, yeye alisogea karibu kuona panga liliingilia wapi. Darasani yeye ndiye aliyenifundisha kutumia kompyuta, tena kwa ukali: "Mathe, usibonyeze hiyo! Si nimekuambia usibonyeze?" Muhula uliofuata akaletwa kwenye ofisi yangu kwa mafunzo ya kazini, na hapo ikawa mimi ndiye bosi. Alijaribu kuniita madam. Ilimshinda kufikia saa nne asubuhi.

Wiki hizo ndizo mahakama ilipotutumia kesi ya Mwiti. Majina nimeyageuza, na mambo mengine nimeyasogeza kidogo, kwa hivyo msiende kutafuta watu.

Mwiti alikuwa kijana wa Kibirichia, juu kule kwenye waru, hivi viazi vyenu vya chipsi. Baba yake alishakufa, akabaki na mama yake, Mama Mwiti. Shamba lao linapakana na la Baba Kinya, ndugu mdogo wa marehemu, yaani baba mdogo wa Mwiti. Wakagombana kuhusu mpaka, mambo ya kawaida, huyu amelima akavuka, yule amesogeza jiwe. Siku moja Baba Kinya akiwa ameinama anachimba waru zake za chini karibu na mpaka, Mwiti alimjia kwa nyuma akampiga na fokojembe, lile jembe la meno. Alilenga bega au alilenga kichwa, hakuna ajuaye, pengine hata yeye mwenyewe hajui. Jembe liliangukia mkono wa kulia. Mkono ulipona lakini vidole havikurudi sawasawa.

Mwiti alikiri kosa siku ya kwanza, bila wakili, bila hadithi. Sasa hakimu alitaka kujua kutoka kwetu: huyu apelekwe jela miaka, au apewe kifungo cha nje arudi nyumbani?

Tulianza naye rumande. Alikuwa amekonda. Nilimuuliza nini kilimpata akasema, "Ni hasira, madam. Sina kitu kingine naweza kusema." Nikamuuliza kama ana swali. Wengi huuliza watatoka lini. Yeye akauliza, "Baba Kinya anaweza kushika kikombe?" Salma, aliyekuwa amesoma ripoti ya hospitali kwenye jalada, akamwambia anashika kwa kushoto. Mwiti akainamisha kichwa, nasi tukaondoka.

Kisha tukapanda Kibirichia. Sikuwa nimemwambia mtu ila Mama Mwiti, lakini tulikuta nyumba imejaa. Mchungaji yupo, wazee wa kanisa wapo, chapati zimepikwa, na Baba Kinya ameketishwa katikati, shati la Jumapili, mkono mapajani. Mama Mwiti alikuwa anazunguka na birika, akijaza hata vikombe vilivyojaa. Nilijua sababu. Mwiti ndiye mtoto pekee wa kiume aliyebaki naye.

Tukaombewa. Tukala. Kisha mchungaji akamgeukia Baba Kinya, "Ndugu, waambie wageni yale uliyotuambia kanisani." Baba Kinya akasimama. Akasema ameokoka, na kwamba Mwiti ni damu yake, na kwamba amemsamehe kabisa kabisa na hana kitu moyoni. "Amina!" nyumba ikaitika. Mama Mwiti akaweka birika chini akalia. Nami nikauliza swali langu kwa ajili ya utaratibu tu, "Kwa hivyo umemsamehe?" akasema, "Nimesamehe, madam. Bwana asifiwe."

Tukateremka. Mimi nilikuwa nimeshaiona ripoti yote kichwani, mpaka nukta ya mwisho. Salma alikuwa ananuna.

"Mathe, hatujamuuliza."

"Hatujamuuliza nini na wewe umesikia kwa masikio yako?"

"Tumemuuliza mbele ya mchungaji. Na shemeji yake analia hapo na birika. Angesema nini? Wewe ungesema nini?"

"Ningesema nimesamehe."

"Eeh! Si ndiyo hiyo sasa!"

Nilimwambia anyamaze aangalie njia, kuna utelezi. Lakini kuna kitu kimoja nami nilikuwa nimekiona na nikakiacha kipite. Msimu wa kuchimba ulikuwa umepita. Kilima chote watu walikuwa wamevuna, hata shamba la juu la Baba Kinya lilikuwa limevunwa na binti yake, Kinya. Kile kipande cha chini, karibu na mpaka, kilikuwa bado. Majani yameshakauka, yamelala. Nilipouona mkono wake nilijipa jibu mwenyewe kwamba amekosa nguvu. Nawaambia hili mlishike: jicho la afisa mzoefu linaona haraka, na linajijibu haraka vilevile.

Salma hakuniachilia. Siku mbili za ofisi alinizungukia kama nzi wa bucha ya baba yake. Mwishowe nikasema haya, twende, ujionee mwenyewe kwamba mzee atakujibu yale yale, na kisha uniache niandike. Niliichagua siku ya soko makusudi, nikijua Mama Mwiti atakuwa ameshuka kuuza.

Tulimkuta Baba Kinya peke yake nyuma ya jiko, anakata majani ya ng'ombe kwa mkono wa kushoto, panga linarukaruka.

"Muga," nikamsalimu kwa lugha yetu.

"Muga. Kwani mmesahau kitu?"

"Huyu binti ana swali," nikasema. Nilitaka ikiwa ni aibu, iwe yake.

Salma akampa shikamoo, na mzee akakawia kidogo kabla ya kuitika, maana huku kwetu salamu hiyo ni ya vitabu vya shule. Kisha msichana akaketi chini kabisa, juu ya gunia, akawa chini kuliko yeye.

"Mzee, siku ile ulisema umesamehe. Sikuulizi hilo tena. Mimi nataka kujua, wewe mwenyewe unataka nini?"

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu Mwiti. Si kanisa linataka nini. Si familia. Wewe."

Baba Kinya aliangalia upande wa lango. "Mama Mwiti yuko soko?"

"Yuko soko."

"Mchungaji hamkupitana naye?"

"Hatujamwona."

Akaliweka panga chini. Akanyoosha ule mkono mbovu kuelekea bondeni. "Mnaona kule? Waru zangu zimeoza kule. Watu wanasema ni mkono, pole Baba Kinya, ni mkono. Si mkono! Kinya alitaka kuzichimba, nikamkataza, kwa sababu akishuka yeye na mimi nibaki huku, itakuwa ni aibu. Nikifika pale kwa mpaka miguu inakataa. Inakataa kabisa. Nasikia lile jembe nyuma yangu. Na kijana mwenyewe bado yuko ndani. Sasa akirudi?"

Nikasahau kwamba swali ni la Salma. "Kwa hivyo unataka afungwe?"

"Ala! Nani amesema afungwe?" Alinikasirikia kweli. "Huyo ni mtoto wa ndugu yangu. Ni mimi nilimpeleka shule siku ya kwanza akilia njia yote. Jela watamharibu. Sitaki afungwe. Nataka awe mahali, ale vizuri, alale vizuri, lakini asiwe nyuma yangu nikiinama. Ni hivyo tu. Ni vibaya?"

"Si vibaya, mzee," Salma akasema.

"Na mkimwambia Mama Mwiti nimesema hivi, mimi nitawakana. Nitasema sijawaona. Nilisimama kanisani, mnaelewa? Nilisimama mbele ya watu."

Nilimhurumia yule mzee. Nasema wazi kwa sababu chuoni mnafundishwa kuandika bila hisia, na ni sawa, kwenye karatasi msiandike. Lakini kumhurumia mtu hakujakatazwa. Sikuona kwamba alidanganya kanisani. Nafikiri alisamehe kweli, na alikuwa anaogopa kweli, na mimi miaka yote nilikuwa nikiuliza swali lililochukua nusu ya mtu na kuiacha nusu nyingine nyuma ya jiko.

Tukakaa kando ya barabara juu ya jiwe, Salma na mimi, tukapiga hesabu ya mambo.

"Tukiandika amesamehe, basi," nikamwambia, "Mwiti anarudi nyumbani. Siku moja huyu mzee anakata majani, anasikia hatua nyuma yake, anageuka na panga. Nimesoma majalada ya namna hiyo. Mwoga anaua haraka kuliko mwenye hasira."

"Na tukiandika amekataa?"

"Inasomwa mahakamani, Mama Mwiti yuko pale mbele. Hawa watu wanachota maji mfereji mmoja. Wanakaa kiti kimoja kanisani. Mzee ataitwa mnafiki mpaka azikwe. Na Mwiti anaweza kwenda jela, kitu ambacho hakuna hata mmoja wao anakitaka."

Salma akatoboa tope na kijiti. "Lazima awe mahali," akasema. "Si mzee amesema? Awe mahali."

Mahali ndipo tulipoanza kupatafuta. Mama Mwiti alikuwa na kaka yake Kanyakine, mtu wa kahawa na ndizi, watoto wameshaoa wakaenda zao. Tukateremka huko. Mjomba alitusikiliza akiwa anachagua kahawa, akasema, "Aje. Kazi iko, chumba kiko." Kisha akainua macho. "Kwani nyumbani wamemkataa?"

"Hapana," nikasema. "Ni ofisi inaona ni vizuri."

Hapo ndipo nilipoisema sababu hiyo ya ofisi mara ya kwanza, na nikaona inasemeka.

Ripoti niliiandika mara nyingi kuliko ripoti yoyote ya maisha yangu, na Salma akaichapa huku akinikaripia kuhusu koma. Tulipendekeza kifungo cha nje, na sharti moja: muda wote wa amri hiyo Mwiti akae kwa mjomba wake Kanyakine, asikanyage Kibirichia bila ruhusa. Sababu tuliziweka zote mabegani mwa ofisi. Kwa maoni ya ofisi, ugomvi wa mpaka bado haujapimwa. Kwa maoni ya ofisi, familia inahitaji utulivu. Hayo yote yalikuwa kweli. Yale ya Baba Kinya tulimfikishia hakimu yakiwa kando, tukaomba yasisomwe mbele ya watu, naye akakubali. Hilo lazima mjifunze: hakimu humfichi. Unaomba tu asiyatangaze.

Kabla ya siku yenyewe nilimweleza Mwiti rumande.

"Na mama?"

"Mama atabaki nyumbani."

"Nani atamchimbia waru?" Halafu akaniangalia sana. "Ni Baba Kinya amesema nisirudi?"

"Ni pendekezo la ofisi."

Yule kijana hakuwa mjinga. "Sawa, madam," akasema. "Mwambieni... aah. Msimwambie kitu."

Siku ya hukumu kanisa karibu lote lilikuja. Walikuwa wamevaa vizuri, na mama mmoja alikuwa na soda kwenye kikapu za kumpokea Mwiti. Hakimu akasoma. Alipofika "hatapelekwa jela", Mama Mwiti akainua mikono juu. Alipofika Kanyakine, mikono ikabaki pale hewani, haikujua iende wapi.

Alitukuta nje kwenye veranda. Hakupiga kelele, afadhali angepiga.

"Madam," akasema, "ulikula kwangu. Ulikunywa chai yangu. Ulisikia kwa masikio yako amesamehewa. Nimekukosea nini mimi? Mtoto wangu anafukuzwa kwao na hajafukuzwa na mtu yeyote, ni wewe tu. Nitakaa na nani kwa hiyo nyumba?"

Akaanza kulia. Baba Kinya akatoka nyuma ya watu. Alimshika shemeji yake bega kwa ule mkono wa vidole vilivyopinda, akamvuta taratibu upande wake.

"Wacha, Mama Mwiti," akasema, kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Wacha kujisumbua na hawa watu wa serikali. Hawana roho. Mimi niliwaambia arudi nyumbani, hawakusikia. Wewe si mwenyewe uliniona nikiwaambia?"

Aliyasema huku akinitazama mimi. Nimetazamwa na watu wengi katika kazi hii, lakini sijawahi kuombwa kitu kwa macho namna ile.

Nikamsikia Salma akivuta pumzi ya kusema. Nikamshika kifundo cha mkono, nikambana.

"Pole, Mama Mwiti," nikasema. "Ni uamuzi wa ofisi yangu."

"Mungu anakuona," akanijibu.

Wakaondoka, kanisa lote, soda zikirudi kwenye kikapu. Salma akanigeukia kwa hasira. "Mathe, amedanganya! Amesimama pale akatuita hatuna roho, na ni yeye!"

"Ndiyo, amedanganya."

"Na wewe umenyamaza!"

"Waangalie," nikamwambia. Walikuwa wanashuka ngazi, Baba Kinya bado amemshika Mama Mwiti bega, mama ameegemea pale kwake analia. "Wanarudi nyumbani pamoja. Ungesema lile ulilotaka kusema, mmoja wao angebaki hapa mjini."

Salma akaenda ukutani akasimama peke yake, nami nikamwacha, nilikuwa na majalada mengine. Salma leo ana ofisi yake mwenyewe, huko Embu, na wanafunzi wanamwogopa.

Mwiti alimaliza amri yake Kanyakine bila tatizo. Mpaka ulipimwa. Akajenga huko huko kwa mjomba, akaoa, na Krismasi hupanda kuwaona mama yake na Baba Kinya. Nasikia hukaa mbele, mahali anapoonekana. Kipande cha chini kinalimwa tena.

Mwaka huu nilipanda soko la Kibirichia kununua waru za mbegu. Nikakutana nao ana kwa ana, Mama Mwiti mbele na Baba Kinya nyuma yake na debe begani, wamezeeka wote wawili. "Muga," nikawasalimu. Mama Mwiti aliangalia kando akanipita. Nikamtazama Baba Kinya. Naye akaangalia kando, akapita, akimfuata shemeji yake. Nikanunua kwa mtu mwingine, nikarudi nyumbani.